Kikombe cha Tatu
Siku tatu Jerioth alizunguka peke yake vichochoro vya mtaa wa Mkomani, akiwapisha punda na kupiga picha za milango ya nakshi ambazo hakuwa na wa kumwonyesha.

Alasiri ya siku ya tatu mwanamke mzee aliyeketi barazani kwake alimsimamisha.

"Mwanangu, wapita ndia hii mara ya nne leo. Umekuya na nani?"

"Na mume wangu," Jerioth akajibu kabla hajajizuia. "Amepumzika hotelini."

"Alhamdulillahi. Mwite basi, tunywe chai sote. Mimi ni Bi Khairiya."

Bi Khairiya akaingia ndani. Jerioth akatoa simu, akaiweka sikioni bila kupiga, akawa anasikia pumzi zake mwenyewe.

Mwenyeji akarudi na sinia: birika, kaimati na vikombe vitatu. Akamimina viwili.

"Yuko ndiani?"

Jerioth alikitazama kile kitupu. Mwezi wa tano ulikuwa ukiisha tangu mumewe azikwe kwao Murang'a. Akakishika kwa vidole viwili, akakifudikiza taratibu juu ya kisahani chake.

"Safari hii tuliipanga wawili, Bi," akasema.