Mbio za Siku ya Kaizari

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, tarehe 27 Januari 1916, nyuma ya shule iliyofungwa ya Mkonze, Mwalimu Sostenes alikuwa akiwafundisha wanaume thelathini namna ya kushindwa mbio.

"Msichechemee wote," alisema. "Kijiji kizima hakiwezi kuumia mguu mmoja. Sila, wewe chechemea. Seth, wewe toka kwa kasi kuliko wote. Ukifika kwenye tangi la maji la stesheni utakuwa huna pumzi, na hapo hutakuwa unamdanganya mtu."

"Na wewe, Mwalimu?"

"Mimi nitakuwa wa mwisho. Wakitaka kucheka, wanicheke mimi."

Mbio alizijua. Katika chuo cha walimu huko Tanga alishinda miaka mitatu mfululizo, na nishani yake ya shaba sasa ilikuwa ikivaliwa na binti yake Emilia siku za Jumapili. Alipomaliza chuo alipewa kazi ya ukarani forodhani, akaikataa, akarudi nyumbani kufundisha. Mwaka 1913 mama mkwe wake alipozidiwa, alimbeba mgongoni mpaka hospitali ya misheni, nusu ya njia akikimbia. Mkwe na mkwe hawagusani, na watu walilisema jambo hilo mwaka mzima. Mama alipona.

Tangazo la boma lilikuwa limefika Jumatatu. Wanaume wote wenye nguvu wa vijiji vinne waje Dodoma kushindana mbio siku ya kuzaliwa kwa Kaizari. Mshindi atapewa ng'ombe. Kijiji kisicholeta watu, jumbe wake atachapwa viboko ishirini na tano.

Aliyemfumbua macho Sostenes ni binamu yake Elieza, aliyekuwa amejificha kwake tangu Krismasi.

"Kwetu Desemba walituambia tushindane kubeba magunia," Elieza alisema. "Atakayefika mbali apewe blanketi. Tukafika mbali watu arobaini. Tukatwishwa risasi za kwenda vitani."

"Na hao arobaini wako wapi?"

"Nani ajue? Tulipofika Kolo, kila mtu alishika njia yake. Mimi si huyu hapa, nakula uji wako?"

Sostenes hakuhitaji kusikia zaidi. Mtama ulikuwa umefika magotini na magugu yalikuwa yakikua nao. Wanaume wakichukuliwa mwezi huo, Mkonze isingevuna. Mkewe Raheli alikuwa na mimba ya miezi minane.

Mtu mmoja tu alimkatalia: Matonya, kaka yake Raheli.

"Ng'ombe ni ng'ombe, shemeji," alisema, akifunga shuka kiunoni. "Loisi ananisubiri mwaka wa pili huu, na baba yake hapokei hotuba."

"Ukishinda watakuchukua upagazi."

"Wakinichukua, ng'ombe atakuwa ameshafika kwa mkwe. Wewe ulishinda miaka mitatu ukapata kipande cha shaba. Mimi nikishinda mara moja napata mke. Nani kasoma hapo?"

Watu walicheka. Sostenes hakucheka. Alimwambia kwamba Raheli atalia. Matonya akasema dada yake alishazoea, tangu aolewe na mwalimu.

Saa nne kamili bunduki ililia mbele ya boma. Njia ilikuwa kutoka mlingoti wa bendera mpaka tangi la maji na kurudi, mara mbili. Karani Mbaruku alikaa kwenye meza chini ya bendera, akiandika jina la kila mtu kwa mpangilio wa kufika. Kando yake alisimama afisa wa Kijerumani, mikono nyuma. Ng'ombe, mwekundu na mnene, alifungwa kwenye nguzo ya baraza.

Seth alitoka kama mshale na akaishiwa pumzi mahali palepale alipoelekezwa. Sila alichechemea vizuri, ingawa mzunguko wa pili alibadilisha mguu. Watu wa Mkonze walisogea nyuma mmoja mmoja, bila fujo, mpaka vijiji vingine vyote vikawa mbele yao. Sostenes alikimbia nyuma ya wote akiwahesabu. Ishirini na tisa. Mara mbili miguu yake ilitaka kwenda, na mara mbili aliizuia.

"Mwalimu, kobe amekupita!" mwanamke mmoja wa sokoni alipaza sauti. "Mpisheni, ana mzigo wa vitabu!"

Matonya alifika wa kwanza, mbele ya wa pili kwa hatua sitini. Alifungua kamba ya ng'ombe kabla hajaruhusiwa. Sostenes alifika wa mwisho, saa nne na dakika thelathini na nane. Mbaruku aliandika jina lake chini kabisa ya ukurasa na kumgeuzia afisa daftari.

Askari wawili walitoka ndani ya boma wakiwa na kamba ndefu. Wanaume wa Mkonze walimtazama Sostenes. Aliwatikisia kichwa kidogo: watulie.

Afisa alipitisha kidole kwenye orodha kuanzia juu mpaka chini, kisha akasema sentensi mbili. Kati ya wote waliokimbia, Sostenes peke yake alikuwa amejifunza Kijerumani. Alizielewa kabla karani hajafungua mdomo.

"Bwana mkubwa anasema wenye mbio waende nyumbani, hao wangetoroka tu kama wale wa Desemba," Mbaruku alitangaza. "Wapagazi wanatakiwa thelathini. Anzeni kufunga kutoka mwisho."

Saa nne na dakika hamsini Matonya alivuka reli na ng'ombe wake, akielekea Mkonze. Sostenes alikuwa ameshafungwa, wa kwanza kwenye kamba.