Mwenye Laini

Mama Usafi aliingia chumba cha kamati ya nidhamu mikono mitupu, bila ndoo wala fagio, na kabla hajaambiwa akae akasema, "Waacheni wale watoto warudi darasani. Mnayemtafuta ni mimi."

Upande wa pili wa meza walikaa mwenyekiti, mwalimu wa lugha na karani wa kuandika. Miaka kumi na moja amewafutia meza hiyo hiyo, na leo ndiyo kwanza wanamtazama usoni.

Kisa chenyewe kilikuwa ukurasa mmoja wa mtandaoni usiojulikana mwenyewe, ulioitwa Dirisha la Choo. Kwa miezi mitano ulikuwa umekivua chuo nguo: maabara yenye hadubini zilizobaki maganda, mitihani inayovuja kabla ya siku yake, mabweni yasiyo na maji huku bustani ya mkuu ikimwagiliwa asubuhi na jioni. Chuo kizima kilisoma, kikacheka mpaka kikashika mbavu. Mkuu yeye hakucheka. Alitaka apatikane mtu kabla ya Ijumaa.

Wanafunzi watatu walikuwa kwenye benchi nje tangu asubuhi, simu zao zimechukuliwa. Mmoja wao alikuwa binti yake Mama Usafi, mwaka wa tatu, amebakiza wiki mbili za mitihani basi. Atakayebainika anafukuzwa, na jina lake linapelekwa vyuo vyote. Hapo ndipo roho ya mama ilipokuwa ikiungua. Mume alishakufa, ndugu ndio wale wa kuonana msibani. Huyo mtoto ndiye macho yake.

"Mama," mwenyekiti alisema, "laini iliyofungua ukurasa imesajiliwa kwa kitambulisho chako, hilo tunalo hapa. Lakini nusu ya vijana wa chuo hiki wanatumia laini za wazazi wao. Uchungu wa mwana tunaujua sana. Usitufanye watoto."

"Laini yangu, simu yangu, maneno yangu," alijibu. "Binti yangu mwacheni."

Mwalimu wa lugha akaguna. Akamsogezea rundo la karatasi, ukurasa wote umechapwa. "Haya, tusomee andiko hilo la kwanza."

Mama Usafi hakuzigusa. "Nisome cha nini kitu kilichotoka kwangu mwenyewe?"

Akafumba macho, akaanza. "Chuo chetu kina geti la marumaru na choo kisicho na mlango. Mgeni akija tunampitisha getini. Akibanwa, tunamwombea." Akaingia la pili, la hadubini, akalimaliza. Akaingia la tatu. Mwalimu alikuwa akimfuatilia kwa kidole kwenye karatasi, akitafuta atakapoteleza. Hakuteleza hata neno moja.

"Mtu anaweza kukariri," mwenyekiti alisema, ila sauti ilikuwa imeshapoa.

"Basi nikupe ambalo halijatoka bado. Jumatatu iliyopita, nikifagia chini ya meza ya ofisi yako, nilizoa bahasha saba za mitihani. Zimechanwa kwa wembe, lakiri bado iko juu. Nalo hilo nimekariri wapi?"

Karani akaacha kuandika. Mwalimu akamgeukia mwenyekiti, mwenyekiti akageukia ukuta. Hapo shaka ikawaisha wote watatu. Mwanafunzi gani angejua yaliyofagiwa chini ya meza ya ofisi ile?

"Kikulacho ki nguoni mwako," mwalimu alisema taratibu, na hakusema kwa dharau. "Mimi miaka yote nasahihisha insha, kumbe mwandishi wa chuo hiki anadeki korido."

Mama Usafi aliinamisha kichwa. Kazi ilikuwa imekwenda, alijua. Kile chumba kimoja nyuma ya stoo alichopewa na chuo aishi nacho kimekwenda, na huko mbele hakuona kitu. Hata hivyo moyo ulimtua kwa mara ya kwanza tangu Jumanne, msako ulipoanza. Afukuzwe yeye. Fagio liko kila mahali, cheti hakiokotwi.

Mwenyekiti sasa alikuwa na haraka, tena haraka ya mtu ambaye hataki zile bahasha zitajwe mara ya pili. Alimwamuru karani achape maelezo ya kukiri kosa hapo hapo, na mlinzi aliyekuwa mlangoni awarudishie wale wanafunzi simu zao. Mashine ikakwaruza, karatasi ikatoka. Karani akaisoma kwa sauti: kwamba yeye, mfagiaji wa chuo, akiwa na akili timamu, ndiye aliyeandika ukurasa wote, peke yake, kwa mkono wake, bila kusaidiwa na mwanafunzi yeyote.

"Ni sawa?"

"Ni sawa, mwanangu."

Kutoka kwenye korido alimsikia binti yake akicheka na wenzake, kicheko cha mtu aliyeponea chupuchupu. Furaha ikamjaa. Alitamani amalize haraka, atoke, amwone akiingia darasani.

"Weka saini hapa chini," karani alisema, akamnyooshea kalamu.

Kalamu hata hakuiona. Akiwa bado amegeuzia sikio mlangoni, Mama Usafi akafanya kama afanyavyo kila mwisho wa mwezi kwenye dirisha la mishahara: akajifuta mkono wa kushoto kwenye aproni, akanyoosha kidole gumba juu ya meza, akasubiri wino.