Magadi ya Kahe

Mzee Hosea aliinama, akachota kwa vidole viwili ule weupe uliotanda juu ya tope lililopasuka, akauweka ulimini. Yalikuwa magadi, yaleyale ya kulainishia maharage.

Shamba hili la Kahe, kando ya kinamasi, alimpa mwanawe wa kati wakati wa masika, maji yakiwa yamesimama na nyasi zikimfika kiunoni. Kihamba, shamba la urithi la ukoo kule mlimani, kilikuwa haki ya kitinda mimba, kama mila itakavyo. Migomba ilipokufa mara ya tatu, mzee, mwalimu mstaafu, alisimama mbele ya ukoo akamwita mwanawe mvivu. Hakuwahi kushuka tena kutazama, hadi leo.

"Alikueleza, baba," mkwewe, mke wa mwana huyo, alisema kwa upole. "Masika mvua inaizamisha chumvi. Kiangazi jua linavuta maji, chumvi inapanda nayo, maji yanakauka, chumvi inabaki juu. Ukamjibu kwamba mwalimu hafundishwi."

"Nilimjibu hivyo."

Mwanawe alikuwa juu ya paa, aking'oa kwa nyundo bati la mwisho ili wahame. Hakumwamkia.

Mzee alimeza mate machungu. "Mama, nikatie jani la isale."

Kwa Wachagga, anayeletewa jani hilo hawezi kukataa kusamehe.

Mkwe aliinamisha kichwa. "Masale yalikauka yote, baba. Huku hayaoti."

Nyundo iliendelea kugonga. Mzee akavua kofia, akauinua mkono mtupu kuelekea paani, akasubiri.