Mlango Unaosubiri Kidonge

Siku hizi mlango wa mgonjwa wa moyo haufunguki mpaka kidonge cha asubuhi kiyeyuke tumboni na kutoa taarifa. Siwema alikwisha kuzoea. Lakini asubuhi hiyo dada yake alikuwa amefariki, na yeye ndiye aliyeusiwa amwoshe. Akameza kidonge, mlango kimya. Akausihi, akaueleza sababu. Mwishowe akajaza kiganja vidonge, akameza vyote.

Mlango ulifunguka alipoanguka, ili machela ipite.

Hospitalini daktari alimpitishia kamera kooni.

“Vimegandana kama tonge la ugali,” alimwambia Tausi, binti wa Siwema. “Ndiyo maana haviyeyuki; dawa kidogo tu ndiyo iliyovuja ikamwangusha. Nitalimega kidogo kidogo na kulitoa. Nikilivunja kwa pupa, dawa itamwagika yote na moyo utasimama.”

Alilimega mpaka jioni. Chembe zilizobaki ziliachwa ziyeyuke zenyewe, Tausi akiwa kando ya kitanda.

Siwema aliporudi nyumbani, dada yake alikuwa ameshazikwa. Mlango aliukuta wazi.

“Umemeza vizuri, Bi Siwema,” ulisema kwa upole. “Sasa unaweza kwenda kumwosha dada yako.”