Dubwana la Makanyagio

Uzi mmoja wa gitaa la Gaudensia ulikatika palepale mwenyekiti wa mtaa alipoingia saluni na kukaa kiti cha mbele.

Akaendelea na nyuzi tano zilizobaki. Saluni ya Imakulata, pale Makanyagio, inaingiza watu ishirini wakibanana, na Jumamosi ile alasiri walikuwemo ishirini na sita, nusu yao watoto. Jukwaa hakuna. Mpiga gitaa na msikilizaji wa mbele hugusana magoti, na sasa goti lililogusana na la Gaudensia lilikuwa la mwenyekiti, Mzee Ndaki.

Watoto wakaanza kufinyana na kuziba midomo. Kila mmoja alikuwa na katuni mpya mkononi, kurasa nane za fotokopi. Gaudensia huzichora mwenyewe na kuzigawa mlangoni, maana bila hivyo hakuna mzazi wa Mpanda atakayekuja kusikiliza roki. Hadithi ni ya Mpanda ya miaka mia mbili ijayo, watu wanaenda Kashaulili sokoni kwa roketi, na adui yao ni Dubwana Kitumbo, aliyeshuka kutoka nyuma ya mwezi. Kitumbo anavaa kofia ya pama upande. Ana mwanya wa kupitisha kidole. Na kabla hajameza sayari, lazima aseme kwanza: "Kwa mujibu wa kikao."

Mzee Ndaki alivua pama yake, akaipangusa vumbi, akairudisha kichwani. Upande.

Mwaka jana ni yeye aliyeifungia bendi yao, akidai makelele yao yanaharibu mimba za ng'ombe. Gaudensia alirudi nyumbani na hasira, akashika kalamu, na usiku haujaingia Kitumbo alikuwa ameshazaliwa. Kibali cha sasa walikipata kwa mzee huyohuyo baada ya miezi minane ya kumbembeleza. Akikifuta, bendi imekwisha. Hakuna mtaa mwingine mjini uliokubali kuwapa hata banda la kuku.

"Tukimbie?" Deo alimnong'oneza kutoka kwenye dramu.

"Tupite wapi? Mlango uko nyuma yake."

Wakapiga nyimbo nne. Mzee hakutikisa hata kidole cha mguu. Wimbo wa mwisho ulipokwisha, alichomoa katuni ya toleo la nyuma mfukoni mwa koti, imekunjwa kwa adabu kama cheti cha ubatizo, akaifungua juu ya mapaja.

"Binti, huyu ni nani?"

"Dubwana tu, baba. La kubuni."

"La kubuni."

"Kabisa."

"Na hii pama?"

"Pama ziko nyingi, baba. Hata Sumbawanga wanavaa."

"Mwanya?"

"Huo ni wa mjomba wangu, yuko Kapalamsenga."

"Na 'kwa mujibu wa kikao'?"

"Nimeitoa redioni."

Huko nje lori likafunga breki. Gaudensia alichungulia dirishani, akaona wanaume wenye fimbo wakiruka chini mmoja mmoja, wakijipanga mlangoni. Alihesabu kumi na nne akaacha; mbele kwa dereva alibaki bibi mmoja. Imakulata naye aliwaona. Akaanza kushusha vioo vyake ukutani na kuvisukumia chini ya meza.

"Baba, naomba unisikilize," Gaudensia alisema. "Naapa mbele ya watoto hawa, yule si wewe. Hafanani na wewe hata kidogo. Wewe ni mtu wa heshima, yeye ni limdudu la kijinga tu. Ningeanzaje kukuchora wewe?"

Mzee Ndaki aliitazama ile picha kwa muda mrefu, akaisogeza karibu, akaisogeza mbali. Mabega yake yakashuka taratibu.

"Wale hapo nje ni ndugu zangu," alisema. "Wametoka Maswa, siku mbili njiani, kwa sababu niliwaambia huku Mpanda nimechorwa kitabuni." Akaikunja katuni, akamwekea Gaudensia mkononi. "Sasa toka wewe mwenyewe ukawaambie si mimi. Anza na mama yangu."