Mzee wa Dirishani

Katika kikundi chao cha wapenda picha, mwenye picha hufunga mdomo mpaka wenzake wamalize kusema wanachokiona. Jumamosi hiyo, mkahawani katikati ya jiji, Selpher aliweka simu mezani. Ilikuwa picha ya asubuhi hiyo hiyo: shuka jeupe limeanikwa nyuma ya nyumba yao mtaani Woodley, jua likilipenya.

“Hiyo mwangaza imekubali,” mmoja akasema.

“Mimi nimependa huyo mzee wa dirishani,” akasema mwingine. “Vile amesimama hapo, wacha tu!”

Selpher akasahau sheria. “Mzee gani?”

Akaikuza picha kwa vidole viwili. Kule pembeni, dirishani, alikuwa babake, ambaye tangu apigwe na kiharusi hajawahi kutoka kitandani bila kuinuliwa na watu wawili. Mkono mmoja ulikuwa umeng'ang'ania pazia, mishipa imemtoka. Wa pili, ule uliopooza, ulikuwa juu, vidole vimekunjuka, ukimpungia.

“Unamjua?” wakamwuliza.

Selpher aliogopa kuondoa vidole kwenye simu, mzee asije akaanguka.