Aliyezungumza na Kinda la Tai

Kinda aliachama kabla mkono haujatokea.

Hélène, mkuu wa kituo, aliirudisha video nyuma akawaonyesha wafanyakazi tena. Kamera ile haikunasa sauti, picha tu: kizimba kitulivu, tundu la kulishia tupu, na kinda kashafungua mdomo. Ndipo kikachomoza kichwa cha tai cha kitambaa, kimebana kipande cha sungura.

"Kuna mtu anaongea naye," alisema.

Chiku alipokea kikombe cha chai, akanong'ona bismillahi yake, akapiga funda. Pale kituoni, nje kidogo ya mji wa Midrand, walilea makinda ya tai weusi ili wakazaliane tena kwenye majabali walikotoweka. Mlishaji hujifunika shuka gubigubi, huvaa kichwa cha kitambaa mkononi, na hasemi neno. Kinda akishazoea sauti ya mtu, hafai tena kuachiwa; atawafuata watu mpaka wampige mawe. Wa mwaka jana alizoea. Mpaka leo amefungiwa, anazunguka kizimbani kama mwehu.

Na walishaji walikuwa wawili tu: Chiku na Jacques, Mkongo wa Bukavu, jirani yake katika jengo moja mtaani Observatory.

Sasa Jacques naye! Jengo zima lilijua hashiki kitu bila wimbo wa kanisani. Chiku, mtoto wa Tanga, mwana wa mama mkali, hakuwahi hata kukohoa mbele ya lile tundu. Angeapa.

"Mimi si mtu wa kusema watu," alimwambia Hélène walipobaki wawili, na tayari alikuwa anasema. "Lakini Jacques huimba."

Jacques akaachishwa kazi.

"Dada Chiku, mi naimbaga kwa kuosha mabeseni, kule mbali," alimwambia getini, macho mekundu. "Mbele ya ule mtoto sijaimba hata siku moja."

Mkewe Orpha, mjamzito, ambaye kila Jumapili alikuwa akimletea Chiku sahani ya sombe, kisamvu cha kwao, sasa wakipishana kwenye ngazi alitazama ukuta. Chiku alikonda. Alijiambia kasema kweli, kisha akajiuliza kama kweli yenyewe aliiona au aliitaka tu. Eish, ilimtafuna.

Kinda akaota mbawa, na bado aliachama kabla ya wakati.

"Ni yale ya Jacques," alisema Hélène. "Atasahau. Asiposahau, hatoki."

Siku ya kumjaribu, wote walisimama nyuma ya kizimba mlimani wakaita, waone kama atageukia sauti ya mtu. Hélène aliita. Steve, dereva, akapiga mbinja. Chiku akapaza sauti, "We! Wee tai!" mpaka koo likamkauka. Tai hakugeuza hata shingo.

"Kasahau," alisema Hélène, machozi yakimlengalenga, akavuta mlango.

Tai akatoka. Aliyumba kidogo, upepo ukamdaka, akapanda juu ya jabali alipokuwa akizunguka tai jike wa porini. Jike hakumfukuza. Watu wakakumbatiana, na Chiku akalia wazi wazi, bila aibu. Kumbe hakukosea! Leo leo angempigia Orpha hodi, amweleze kwa upole kwamba ndege kapona kwa sababu kuna mtu alithubutu kusema.

Wakaketi kwenye majani wapate chakula. Njaa ilimuuma kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya video. Akafungua chapati zake, akanawa kwa maji ya chupa, na kabla hajamega, midomo ikamcheza yenyewe, kama inavyomcheza kila ashikapo chakula, kiwe chake au cha mwingine.

"Bismillahi."

Kule juu tai akakunja mbawa. Akashuka moja kwa moja, akawapita wote, akatua mbele ya magoti ya Chiku, akaachama.